Aliyelisahihisha Swali

Mtaa mzima wa Sokomuhogo ulimwita Bwana Shamba, na waliomwita hivyo walikuwa wakimcheka. Bwana shamba wa kweli, yule wa serikali, ana kofia ngumu, baiskeli na mshahara. Wetu hakuwa na kimoja katika hivyo. Alikuwa na chupa za udongo, mama aliyechoka kumngojea awe mtu, na chuo kikuu huko Uganda alikosoma mpaka mwisho kisha akarudi bila ya shahada, kwa ajili ya neno moja alilolikata kwa kalamu.

Nasaba yake siiandiki. Sisi Waunguja hatumjui mtu mpaka tujue babu yake alikuwa nani, na yeye hakuna swali lililomchukiza kuliko hilo. "Waulize mbuzi," alikuwa akisema. "Mbuzi ndio wanaouzwa kwa ukoo." Basi namwandika kama nilivyomkuta: mrefu, mwembamba, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi hata siku ya mvua, na macho ya mtu anayengoja umalize upuuzi wako ili akujibu.

Tulikaa nyumba moja. Yeye na mama yake, ambaye sote tulimwita Bi Mkubwa, walikaa ghorofa ya juu; mimi na bibi yangu tulikaa chini yao. Juu kabisa, kwenye sakafu ya paa ambako nyumba nyengine huanika nguo na ndimu, yeye alipanda mabamia, kunde na miche ya mikarafuu ndani ya madebe ya samli. Alipomwagilia, maji yalishuka kwenye nyufa za chokaa, yakapita kwa Bi Mkubwa, yakamalizikia kwenye kitanda cha bibi yangu.

"Bwana Shamba!" bibi alipiga kelele ngazini. "Mabamia yako yanatukojolea!"

"Naam, bibi!"

"Usininaam! Shuka uje ukamate ndoo."

Alishuka. Alikamata ndoo kwa adabu zote, akayatazama yale maji yanavyodondoka. "Maji haya yamepita kwenye samadi, bibi. Usiyamwage. Yapeleke kwenye mkunazi wa uani."

"Mkunazi na mimi, nani unataka atangulie kufa?"

Hakucheka. Alifikiri, wallahi alifikiri, kisha akasema mkunazi una umri mkubwa zaidi. Bibi alimrushia kiatu. Jioni akampelekea sahani ya wali na mchuzi wa papa, kwa sababu mtu wa namna hiyo huwezi kumchukia siku nzima.

Chupa zake zilipangwa ngazini, moja kila kidato, nasi tukizipita kwa kupinda nguo. Kila chupa ilikuwa na udongo wa pahala pake na maji: Kidichi, udongo mwekundu mzito, Chukwani, mchanga, Jozani, mweusi kama kahawa. Ukiitikisa chupa, vyote huchanganyika vikawa tope, kisha taratibu mchanga unatua chini, udongo juu yake, na maji yanaanza kusafika. Kwa njia hiyo, alisema, unajua ardhi imeumbwa na nini. Lakini sisi tuliokaa naye tulijua kazi nyengine ya zile chupa. Alipotukanwa au aliposhambuliwa kwa maneno, aliinua iliyo karibu, akaitikisa, akaiweka, na hakujibu mpaka maji yatulie. Bi Mkubwa alikuwa akilia mbele yake, naye kimya anaitazama chupa, na mtu mgeni angedhani ni jabari asiye na huruma. Hakuwa jabari. Alikuwa akiogopa ulimi wake.

Pale ambapo chupa hazikuwapo, ulimi ulifanya utakavyo. Barazani kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyemfanyia mzaha tangu siku aliyosafiri.

"Ati umekwenda Uganda, meli mpaka Mombasa, gari moshi siku na siku, kusomea jembe! Jembe lisomewe?"

"Kwani wewe sindano ulizaliwa nayo?"

"Nilifunzwa na baba yangu, bure."

"Inaonekana," alisema Bwana Shamba, akainua mguu kuonesha pindo lililofumuka la suruali aliyoshonewa na fundi huyo.

Baraza ilicheka wiki nzima. Lakini kile walichokicheka, elimu ya kilimo, yeye alikipenda kwa namna ambayo sijaona mtu akipenda kitu isipokuwa mtu. Mwaka wa kwanza, alitwambia, hakushika jembe hata mara moja. Walisoma maji, hewa, chumvi zilizomo ardhini, namna jani linavyokula jua. Siku moja mwalimu wao Mzungu aliwawekea mzizi wa mkunde chini ya hadubini. Kwenye mzizi mna vinundu vidogo, na ndani ya vinundu mna vijidudu, na vijidudu hivyo vinachukua hewa na kuigeuza chakula cha ardhi. Mkunde unakula na unawalisha majirani. "Nilitazama," alisema, "mpaka mwalimu akanigusa bega. Alidhani nimelala."

Alikuwa na misemo yake. "Udongo hauna adabu, una sababu." Na mwengine, aliousema kila mche ulipokauka: "Usinambie umekufa. Nambie umekosa nini."

"Umekosa bwana shamba," bibi alimjibu siku mabamia yote yalipoteketea.

Na kweli, mkono wake haukuwa wa jembe. Alishika jembe kama anayeshika mtoto wa watu. Aliweza kukueleza kwa nini mti unaumwa, na mti wake mwenyewe ukafa mbele yake. Alipenda udongo na hakustahamili doa kwenye kanzu. Baada ya kugusa chupa zake alinawa mpaka vidole vikawa na mikunjo. Amezaliwa Sokomuhogo na muhogo hali. Ukimwambia hayo, alisema daktari si lazima aumwe.

Sasa nilieleze lile swali, kwa sababu ndilo lililomfanya awe yeye.

Katika mtihani wa mwisho, swali moja liliwataka waeleze hasara za mkulima kupanda mimea ya aina nyingi katika shimo moja. Kila mwanafunzi alijua jibu. Wamefundishwa: mimea inapigania chakula na mwangaza, palizi inakuwa ngumu, mavuno yanapungua, panda mistari. Bwana Shamba alilisoma akamkumbuka shangazi yake wa Makunduchi, dada wa marehemu baba yake, aliyekuwa akitia mtama, kunde na choroko katika shimo moja, na aliyemlisha yeye utotoni kwa shimo hilo. Akakumbuka na vile vinundu. Basi akalikata neno "hasara" kwa mstari mmoja, juu yake akaandika "faida", akalijibu swali alilolisahihisha mwenyewe mpaka karatasi zikamalizika.

Walimfelisha. Mwalimu wake aliyempenda, yule wa hadubini, alimwita akamsihi: chuo kitamruhusu kuufanya mtihani ule mmoja tena, mwaka wowote atakaokuwa tayari, aandike alichofundishwa, wamalizane. Yeye akapanda gari moshi akarudi nyumbani.

Bi Mkubwa alikuwa ameshashonesha joho la kuhitimu. Alikuwa na picha ya mtoto wa watu aliyehitimu, akaipeleka kwa fundi yuleyule wa barazani, naye, mcheshi kama alivyo, alilishona kwa mkono mzuri kuliko nguo zake zote: jeusi, zito, mikono mipana. Mwanawe aliporudi mikono mitupu, Bi Mkubwa alilitundika kwenye msumari sebuleni. Hakulifunika wala hakulitaja. Kila aliyeingia alilikuta pale, kama mgeni aliyefika mapema kwenye harusi iliyovunjika.

"Mwanangu, andika wanalotaka," alikuwa akimwambia. "Mdomo ni wako, moyo ni wako, karatasi ni yao."

Chupa ikatikiswa. Maji yakatulia. "Mama, siendi kuomba radhi kwa jambo ninalolijua."

Aliyekuja juu zaidi ni mjomba wake, kaka wa Bi Mkubwa, mwenye shamba la mikarafuu Kidichi. Alikuwa mtu mwema kwa namna ya watu wenye vitu: mwema mpaka umkatalie. "Nenda kamalize," alimwambia. "Rudi na shahada, nikukabidhi shamba. Ukikaa hivi hivi utakuwa nani?"

"Mpwa wako."

"Mpwa si kazi!"

Miaka ile ndiyo mabaraza yalipoanza kujaa siasa. Watu waliokuwa wakizungumza bei ya karafuu sasa walizungumza nani atatawala, na kila mtu alitakiwa aseme yuko wapi. Yeye hakusema. Alisema anatafuta ushahidi. Atakwenda kwa shangazi yake, atapima, atahesabu, kisha atarudi Uganda awaoneshe kwamba yeye ndiye aliye sahihi na wao ndio waliokosea. Aliniomba nifuatane naye, maana mimi nilikuwa napenda kuandika, na yeye alitaka shahidi.

Kusini ya Unguja, iliko Makunduchi, kwa asiyepajua, si nchi ya mikarafuu na mito. Ni mawe. Matumbawe makali yametanda toka barabarani hadi pwani, na baina ya jiwe na jiwe mna vishimo vya udongo, vyengine vipana kama sinia, vyengine kama bakuli. Watu wa huko wanalima mle. Shangazi yake tulimkuta ameinama kwenye kishimo kimoja, kanga kaifunga kiunoni, anatia mbegu kwa vidole.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Kumbe hujafa? Mbona kanzu nyeupe namna hiyo, umekuja kuoa?"

Alizungumza Kimakunduchi, mimi namwandika kwa maneno ya mjini, na najua ninampunguzia utamu. Bwana Shamba alichutama pembeni yake, uso umemng'ara. Alinionesha: mtama huu hapa, kunde hizi hapa, choroko hizi. "Unaona? Mtama unaupa mkunde kivuli, mkunde unaulisha mtama. Kimoja kikifa kingine kinabaki. Hii ni elimu! Elimu ya wazee wetu, na wao wanaiita hasara!"

Shangazi aliinuka taratibu, mkono kiunoni, akamtazama kama mtu anavyomtazama mwana aliyekwenda mbali akarudi na homa.

"Elimu gani, mwanangu? Hii dhiki."

"Shangazi..."

"Shimo ni moja na matumbo mengi. Ntafanyaje? Nipe mimi udongo ule wa mjomba wako wa Kidichi, uone kama sitapanda mistari kama meno ya kitana."

"Na kunde?"

"Kunde nazo ntazipa mstari wao. Nani asiyetaka kulala kitanda chake peke yake?" Akacheka mpaka akashika jiwe. "Ati nimfundishe Mzungu kupanda! Mwambie aje anifundishe yeye, ila aje na udongo wake!"

Nilimwona akitafuta kitu cha kutikisa. Hapakuwa na chupa. Palikuwa na mawe tu, na mawe hayatikisiki. Alikaa amechutama pale, kanzu imegusa ardhi na yeye hana habari, mpaka shangazi alipomwonea huruma akampa togwa.

Tulikuwa tunarudi mjini. Tumekaribia Jozani ndipo aliponigeukia.

"Nimelisahihisha vibaya," alisema.

"Kwa hivyo wao ndio walio sahihi?"

"Wao pia hapana." Akaongeza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeona kitu chini ya hadubini: "Swali linauliza mkulima anapanda vipi. Halijauliza kwa nini ana shimo dogo."

Wengi walidhani safari ile imemvunja. Mimi niliyekuwa karibu naye nasema ndiyo iliyomtia moto. Ubishi wake wa kwanza ulikuwa wa fahari, na fahari ni kuni za makuti, zinawaka haraka zikawa jivu. Huu wa pili ulikuwa wa mkaa.

Kulikuwa na lori lililoleta chokaa kutoka kusini. Chokaa ile inachomwa huko kwa mawe ya huko, na ndiyo inayopakwa kwenye nyumba zetu za mjini tunazojivunia. Lori likishusha mzigo hurudi tupu. Bwana Shamba alimwendea dereva akamwomba, kabla hajarudi, apitie Kidichi.

"Kuchukua nini?"

"Udongo."

"Udongo!" Dereva alitoa kofia akajikuna. "Bwana, huko kwetu udongo hatuna wa kuuza wala wa kununua. Nani kakutuma?"

"Mji huu umekula mawe yenu miaka na miaka," alisema. "Angalau urudishe udongo."

Dereva alicheka, lakini alikwenda. Bwana Shamba hakugusa mizizi ya mkarafuu hata mmoja. Alichota kwenye mtaro wa chini ambako mvua hulundika udongo uliosombwa kutoka mashambani, udongo ambao mwaka unaofuata ungekwenda baharini. Alinieleza hilo mara nyingi, kama vile mimi ndiye kadhi. Gunia la kwanza lilipojaa, mjomba akatokea, fimbo mkononi.

"Unaniibia udongo?"

"Nauazima, mjomba."

"Udongo huazimwa?"

"Sijui. Wewe ulipoupata, ulimuuliza nani?"

Nilikuwapo. Mjomba alimtazama, akalitazama gunia, akayatazama mashamba yake kama anayaona kwa mara ya kwanza na hayapendi yalivyomtazama yeye.

"Ukivuka lango lile na gunia hilo," alisema, pole pole, "shamba hulioni tena. Na nyumba yangu huingii."

Bwana Shamba, mtu wa kunawa vidole, mtu wa pasi, aliliinua gunia lile bichi akaliweka begani. Tope jekundu lilimshuka kifuani, mgongoni, mpaka kwenye pindo. Alivuka lango. Mimi nilibeba la pili, na wallahi sikumbuki kwamba lilikuwa zito.

Kule Makunduchi, shangazi aliuzungushia udongo ule ukuta wa mawe, akaushindilia kwa miguu huku akiimba, akapanda muhogo. Kwa mistari. Mistari iliyonyooka kweli kama meno ya kitana, na kunde zikapewa mstari wao. Vile vishimo vyake vyengine vyote aliendelea kuvichanganyia, kwa sababu vilikuwa vishimo. Msimu ulipofika alituletea mjini pakacha la muhogo. Bwana Shamba alikata kipande cha kwanza, akakila mbele yetu sote, akakunja uso, akakata cha pili.

Kisha akatangaza anakwenda Uganda kuufanya ule mtihani. Bi Mkubwa alipiga kigelegele, akaliteremsha joho msumarini, akalikung'uta vumbi. Mjomba alimtumia salamu. Hata fundi cherehani alimshonea pindo la suruali, bure. Mtaa mzima ulifahamu kwamba mbishi ametubu.

Nilimuuliza usiku wa kuamkia safari yake, au pengine ilikuwa asubuhi yake, ataandika nini. Akatikisa chupa ya Kidichi. Tulingoja wote wawili mpaka maji yakasafika, na baada ya hapo bado hakunijibu.

Mara ya mwisho nilipomwona kabla sijaandika haya ilikuwa masika. Nilikuwa naelekea kusini mazikoni kwa gari la abiria, na mvua ilikuwa inapiga kama inadai. Karibu na Jozani tulikuta lori la chokaa limezama tope katikati ya njia. Kima wekundu walikuwa wamejikunyata mitini wakilitazama. Dereva alikuwa chini, anayatukana magurudumu moja moja. Na juu ya magunia, amepiga magoti, mtu mrefu mwembamba anahangaika kutandaza nguo nyeusi pana.

Nilimjua kabla hajageuka. Nikaijua na nguo.

"Bwana Shamba! Umerudi lini?"

"Juzi. Usisimame hapo, panda! Mvua itausomba udongo wote!"

Nilipanda. Lilikuwa lile joho. Lilifunika magunia kiasi chake, na yaliyobaki yalishaanza kutoa maji mekundu.

"Bi Mkubwa anajua?"

"Kanipa yeye. Kanifuata nalo mpaka Darajani, na mvua hii, buibui limemganda mwilini." Akavuta pembe ya nguo. "Kasema limeshaota ukungu ukutani. Kasema, lipe kazi."

Basi nikajua. Lakini nilitaka nisikie. "Hawakukupa shahada?"

"Hawakunipa."

"Swali lilikuwa lilelile?"

"Karibu lilelile. Sikukata neno safari hii. Nilijibu kila walichouliza, faida na hasara, kwa ardhi nyingi na kwa ardhi kidogo. Ila juu, kabla ya jibu, niliandika swali langu. Kwamba mkulima huyu kabakishiwa udongo kiasi gani, na uliobaki anao nani. Wakasema nilifute. Nikasema silifuti." Alipangusa uso kwa mkono wenye tope, akabaki na mstari mwekundu kipajini. "Mwalimu wangu alinishika mkono mlangoni. Machozi yanamlenga, mtu mzima yule. Akanambia, jibu lako ni kweli, lakini hukuulizwa."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ndio maana nimeuliza mimi."

Chini, dereva alipiga ukelele. "Nyie wasomi! Mnazungumza au mnashikilia? Nalitia gea hili!"

"Kamata mkono huo," Bwana Shamba aliniambia. Nikaukamata mkono mmoja wa joho, mpana kama tanga, naye akaukamata wa pili. Tukalala kifudifudi juu ya magunia, kila mtu na upande wake, nguo imekazana baina yetu. Lori likanguruma, likarudi nyuma, likajing'atua topeni, na kima wakatawanyika mitini. Mazikoni sikuwahi. Mvua ilitupiga migongo njia nzima, hatukuachia, na udongo uliokuwa chini ya joho lile ulifika Makunduchi mkavu.